Muulizeni Mwenyewe: Utafiti wa Kijiji Pamoja na Wenye Ulemavu wa Akili

(Maneno haya tuliyasema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo. Wengi waliomba wayapate kwa maandishi. Yapo hapa karibu kama yalivyosemwa.)

Tunawashukuru kwa kuacha palizi na kuja kutusikiliza. Tunajua shamba halingoji mtu, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Katika kijiji kimoja ambacho tumefanya kazi nacho kwa miaka mingi, watu waliamua kujenga kioski cha maji. Kabla ya kujenga tulifanya utafiti pamoja nao, na tulijivunia sana utafiti ule. Hatukuja na fomu kutoka mjini. Tulikaa chini ya mti, tukachora ramani ya kijiji ardhini kwa jivu na majani, tukapanga mahitaji kwa kuhesabu maharagwe. Akina mama walisema, wazee walisema, hata watoto wa shule walisema. Katika ripoti tukaandika, "Kila mtu alishirikishwa." Kioski kikajengwa, maji yakatoka, mbuzi akachinjwa.

Miezi michache baadaye tukapita kwa mama mmoja wa kikundi kile. Ana kijana wa kiume, miaka kama 25, mwenye ulemavu wa akili. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akichota maji ya nyumba yao na ya nyanya yake, kwa punda, kutoka mtoni. Kijiji kizima kilimjua kwa kazi hiyo. Siku ile tulimkuta ameketi nyuma ya jiko, hafanyi kitu. Tukauliza kulikoni. Mama akatujibu bila kutuficha: "Si hayo maji yenu? Mtoni hakukuwa na pesa. Kwa kioski kuna pesa. Nikimpa noti ya mia anarudi bila chenji, na watu wanamcheka kwa laini. Nikaona aache tu."

Jamani, tulinyamaza. Tulikuwa tumeleta maji na kumwondolea mtu kazi yake. Na katika siku zote zile za ramani na maharagwe, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza yule aliyekuwa akienda mtoni mara nne kwa siku. Kuhusu maji ya kijiji kile yeye alijua kutushinda sisi wote. Alikuwapo pale chini ya mti. Tunamkumbuka. Alikuwa akituletea viti.

Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo. Vikundi vingi hapa vitafanya utafiti kabla ya kuomba pesa za mradi, kwa maana wafadhili wanautaka na kaunti inautaka. Tunataka kuwaambia tuliyojifunza tuliporudi kuanza upya, safari hii pamoja na kijana huyu na wenzake wanne.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Tukisema ulemavu wa akili hatusemi ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na kuna matibabu. Mwenye ulemavu wa akili ni mtu ambaye tangu kuzaliwa au utotoni anachukua muda mrefu zaidi kuelewa, kukumbuka, kuhesabu, au kujifunza mambo ya kila siku. Wengine wamezaliwa na hali ya Down, wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na wengi hatujui sababu. Haya majina ya zuzu, taahira na mjinga tuyaache nje ya mkutano. Na si adabu tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Wengine wenu mnasema moyoni, "Kwetu hawapo." Ngojeni tuwaambie jambo. Sensa ya Kenya ya 2009 ilipata walemavu asilimia 3.5. Ile ya 2019 ikapata asilimia 2.2, ikihesabu wenye miaka 5 na kuendelea. Je, watu walipona? Hapana, maswali yalibadilika. Mwaka 2019 mtu aliulizwa kama ana ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kadhalika, na waliohesabiwa ni wale waliosemekana wana ugumu mwingi au hawawezi kabisa. Tena mara nyingi anayejibu ni mwenye nyumba, si mhusika. Sasa kama namna ya kuuliza inaweza kubadilisha hesabu ya nchi nzima, itakuwaje kwa kikundi cha watu 20 na daftari moja? Nendeni nyumba kwa nyumba, polepole, mkiwa na mtu anayeaminika. Msiulize, "Kuna mlemavu hapa?" Ulizeni nani wanaishi hapa, na kila mmoja hufanya kazi gani. Sisi tulidhani katika kijiji kile yuko mmoja. Tuliwapata saba. Wawili walikuwa hawatoki nje ya boma.

Njia zenyewe si ngeni. Nchi hii ni mojawapo ya mahali zilipokulia. Tangu mwaka 1974 Anne Hope na Sally Timmel walikuwa wakifundisha viongozi wa vikundi hapa Kenya wachunguze maisha yao wenyewe kwa picha, michezo ya kuigiza na mazungumzo. Mwaka 1988 watu wa Mbusanyi, Machakos, walichora ramani na kutembea kijijini mwao pamoja na watafiti, na kazi ile ikawa mfano uliofuatwa sehemu nyingine nyingi. Wazo lilikuwa kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kufanya utafiti. Ni wazo jema sana. Lakini mwangalie mkutano wetu wa kawaida. Tumeondoa kalamu, tukabakiza maneno. Mwenye maneno mengi na ya haraka ndiye anayeshinda. Saa tatu watu wamekaa, wanakatizana, wanatupiana mafumbo, na mwisho katibu anasoma "tumekubaliana." Mtu anayehitaji muda kidogo kupanga jibu lake, akishakuwa tayari, mazungumzo yameshavuka mto.

Basi tulibadilisha nini?

Tulianza kwa kuwatembelea. Mara tatu kabla ya mkutano wowote. Mara ya kwanza kuamkuana tu na kunywa chai. Tulizungumza na mhusika mwenyewe, tukimwangalia yeye. Hili ni gumu kuliko mnavyodhani, kwa sababu macho yanakimbilia kwa mama. Unamwuliza kijana, "Unapenda kazi gani?" na mama anajibu, "Anapenda punda." Labda ni kweli, labda ni mama anayependa punda. Mama hana nia mbaya, amekuwa mdomo wa mtoto wake miaka 25. Tulijaribu kuwaomba akina mama wanyamaze, haikufaa. Kilichofaa ni kuwapa viazi wamenye, pale pale ambapo mtoto anawaona, lakini mbali kidogo na mazungumzo. Kama mtu hasemi wazi na anahitaji mkalimani, mkalimani akae kando yake na arudie alichosema, si anachodhani alitaka kusema.

Watu watano au sita wanatosha. Dakika 40, halafu chai, na kama bado wanataka, dakika 20 nyingine. Mahali pawe pale pale kila mara, na siku ile ile, kwa mfano kesho yake baada ya siku ya soko. Waje wapaone kabla. Wakilipwa nauli na posho wanakikundi wengine, nao walipwe kiasi kile kile mkononi mwao. Mweka hazina wetu alisita hapo. Hatutasema zaidi, yupo hapa.

Tulitengeneza kadi nyekundu, kama ya refa wa mpira. Kila mtu anayo. Ukichoka, usipoelewa, au usipotaka swali, unainua na mkutano unasimama. Siku ya kwanza kadi zilipanda kama mara 15, watu wanacheka, kwa sababu walikuwa hawajawahi kumnyamazisha mtu maishani mwao. Mwenyekiti alikatwa hotuba yake ya kufungua mkutano mara tatu. Alikasirika kidogo, halafu akaifupisha, na ukweli ni kwamba ilikuwa nzuri zaidi. Siku ya pili kadi ziliinuliwa mara chache tu, na kila mara kwa sababu.

Sasa tuje kwa maswali. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana hapa ndipo utafiti mwingi unapoharibika bila mtu kujua.

Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Carol Sigelman, na wenzake walitoa matokeo kuhusu kuwahoji watu wenye ulemavu wa akili. Waliwauliza maswali mawili yanayopingana, na wengi wakajibu ndiyo kwa yote mawili. Mtu akijua kwamba mara nyingi hukosea, na kwamba wakubwa hupenda kukubaliwa, anajifunza kwamba "ndiyo" ndilo jibu la usalama. Tusiwacheke. Sisi sote tukiulizwa na mfadhili kama mradi unaendelea vizuri, tunasema nini?

Kwa hiyo "ndiyo" moja haitoshi. Geuza swali siku nyingine. Ukiuliza "Unapenda kwenda kioskini?" akasema ndiyo, kesho uliza "Kioski kinakuchosha?" Akisema ndiyo tena, basi bado hujui kitu, usiandike. Afadhali umpe vitu viwili achague: hapa picha ya mto, hapa picha ya kioski. Watafiti wale waliona kwamba machaguo mawili yenye picha yalisaidia. Ila waliona pia kwamba kwa maneno matupu mtu huelekea kuchagua lile la mwisho alilosikia. Basi badilisha mpangilio: leo mto kwanza, kesho kioski kwanza.

Na kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Ukimwuliza mtu, "Hukwenda kioskini jana?" naye akasema "Ndiyo," amesema alikwenda au hakwenda? Nyumbani "ndiyo" hapo ni "kweli, sikwenda." Aliyezoea Kiingereza cha shule anaweza kumaanisha kinyume. Maswali ya "hu-" na "si-" yaacheni kabisa. Acheni pia "kwa nini" mwanzoni, maana inasikika kama kugombeza, na "mara ngapi kwa mwezi." Ulizeni kwa mambo yanayoshikika: kabla ya kula au baada ya kula, siku ya soko, wakati wa kuvuna maharagwe. Swali moja, jambo moja. Halafu nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Kumi ni ndefu! Mara nyingi jibu lilikuja kwenye nane au tisa, wakati sisi tungekuwa tumeshauliza lingine.

Ramani ya jivu tuliichora tena, lakini tuligundua kwamba kijiji kikitazamwa kutoka juu, kama vile ndege anavyokiona, ni kitu cha kufikirika. Wawili kati ya watano hawakuielewa. Basi tukaacha kuchora, tukatembea. Tulimwambia kijana, "Tupeleke kwenye maji." Alitupeleka. Tulijifunza kwa saa moja kuliko kwa siku tatu za kwanza. Alituonyesha njia ya mkato ambayo haikuwa katika ramani yetu. Alizunguka boma moja kwa mbali sana, akasema "mbwa." Alipofika kioskini hakusimama kwenye laini. Alisimama upande wa dirisha, ambapo mwuzaji angemwona, na tukaelewa kwamba kwenye laini alikuwa akisukumwa nyuma kila mara, mpaka akaacha kujipanga. Hakutuambia hayo kwa maneno. Aliyafanya, sisi tukaangalia, halafu tukamwuliza kama ni hivyo.

Tuliporudi, badala ya ramani tuliweka vitu vyenyewe juu ya mkeka: mtungi, kamba ya punda, noti, sarafu. Maharagwe kumi ya kupanga mahitaji yaliwashinda wengine, basi tukalinganisha vitu viwili kwa viwili. Mmoja wa kikundi, binti, alipenda kupiga picha kwa simu. Njia hiyo ya kuwapa watu kamera waonyeshe maisha yao ilianzishwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris miaka ya 1990, pamoja na akina mama wa vijijini huko Yunnan, China. Kwetu ilifaa sana, ila tuliwafundisha kwanza kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha, tukafanya mazoezi kama mchezo wa kuigiza. Na picha zao nao hazitundikwi ukutani wala kutumwa kwenye simu za watu bila wao kukubali. Iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na haisemi kwamba kijijini haifiki.

Ruhusa si ya mara moja, wala mzazi hawezi kukubali na mambo yakaisha. Ombeni kila siku mnapoanza. Mtu mzima akigeuza kiti, akienda mlangoni, akifunika uso, amejibu. Mwacheni aende, na posho yake mpeni.

Jambo moja zito. Mkifungua masikio mtasikia yale ambayo hamkuyatafuta. Msichana anaweza kukataa kabisa kugusa picha ya njia fulani au nyumba fulani. Msimhoji mbele ya kikundi na msijifanye polisi. Mama mmoja anayemwamini akae naye kando, amsikilize bila kumwekea maneno mdomoni, na kama kuna dalili ya kudhulumiwa, apelekwe hospitali upesi na habari ifike kwenye dawati la jinsia la polisi. Kwa mtoto kuna nambari 116, haina malipo. Kupatana kwa wazee na kulipa mbuzi hakufuti kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Amueni kabla ya kuanza utafiti ni nani katika kikundi atakayeshika kazi hiyo.

Kuna pia wale ambao hawasemi kabisa na hawatembei. Kwao hatuna ujanja mkubwa. Tulikaa nao siku nzima, tukaandika kinachowafanya watabasamu na kinachowafanya wageuke. Katika ripoti tuliandika "tuliona," hatukuandika "alisema." Tofauti hiyo ilindeni.

Sasa mtauliza, kijana wa punda aliishia wapi? Sisi tulikuwa na mpango mzuri wa kumfundisha kuhesabu pesa. Tulileta hata noti za karatasi za kujifunzia. Siku ile ya mkeka alizisukuma pembeni. Mfukoni alikuwa na vifuniko vya soda, anavyookota njiani. Akaweka kifuniko kimoja mbele ya kila mtungi: mmoja, mmoja, mmoja. Tukatazama muda mrefu kabla ya kuelewa. Kifuniko kimoja, mtungi mmoja. Mama anaweza kulipa kioskini mara moja kwa wiki, apewe vifuniko, na kijana abebe vifuniko badala ya noti.

Kamati ya maji ilikataa mwanzoni. Ikaja kukubali, na ndani ya wiki watoto wakawa wanaleta vifuniko vyao wenyewe, maana soda hazijakwisha Kenya. Ikabidi vipakwe rangi ya kucha, nyekundu, ambayo mwuzaji anakaa nayo. Sasa nyanya mmoja asiyeona vizuri anatumia vifuniko pia, na akina mama wawili wanaotuma watoto wadogo. Kijana amerudi kwenye punda wake. Lakini tuliporudisha matokeo kwa kuwawekea picha zote chini wazipange wenyewe, ile ya kioski aliiweka mbali, na ile ya mto akaiweka karibu na goti lake. Tulimwuliza mara tatu kwa njia tatu. Anapenda mto. Huko kuna wenzake, na punda anakunywa. Hilo nalo tuliliandika, ingawa halikupendeza katika ripoti ya kioski.

Kati ya wale saba tuliowahesabu, wawili ndio hao wasiosema, na watano wanakaa kwenye mkeka. Juzi tumesikia yuko wa nane, binti katika boma la juu, ng'ambo ya shule. Mama yake amekataa mara mbili kutufungulia. Mara ya kwanza tulikwenda watu wanne na daftari, na sasa tunaona kwamba tulionekana kama watu wa serikali. Alhamisi, soko likiisha, atakwenda mama mmoja tu wa kikundi, wa rika lake, na kibaba cha mbegu za maharagwe aliyomwahidi. Daftari litabaki nyumbani.